Sauti ya Nje

Simu ya Asia iliita akiwa ndani ya mto mpaka magotini, anaosha karoti. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya gulio, na wanawake saba walikuwa wamejipanga kwenye mawe ya ukingoni wakisugua karoti zao ili udongo utoke kabla lori halijafika. Mikono yake ilikuwa na matope. Akamwomba Mwanvita, binti wa jirani, aipokee na kuiweka sauti ya nje.

Aliyepiga alisalimia kwa adabu. Alisema yuko Dar es Salaam, kwenye kampuni ya kupeleka zawadi majumbani, na kwamba namba ya Asia imechaguliwa. Hakuna cha kulipa, hakuna cha kutuma. Kuna kapu lenye mchele, sukari, mafuta ya kula na mashuka, ila kapu lenyewe haliendi kwa Asia. Linakwenda kwa mwanamume mmoja ambaye Asia anamtegemea kuliko wengine wote, likiwa na jina la Asia juu yake. Kazi yake ni kumtaja huyo mwanamume tu.

Wenzake walianza kumtania, kila mmoja akimpa jina la mtu asiyefaa: mwenyekiti wa kijiji, mganga wa mbuzi, fundi baiskeli mwenye jino moja. Asia hakucheka. Alikuwa mtu wa kulichukua swali kama lilivyo, na hili lilimkuta na jibu ambalo mwenyewe hakuwa amelitazama bado. Aliifikiria miezi mitatu iliyopita na mtu aliyemsikiliza katika miezi hiyo.

"Nassoro," alisema.

"Nassoro ni nani kwako, mama?"

"Kaka yangu."

Upande wa pili ukalipuka kwa ngoma na vicheko vya kurekodiwa. Ile sauti ya adabu ikabadilika, ikawa nene na yenye furaha. "Kaka! Wanaume wenzangu, mmesikia? Siku hizi wote ni makaka. Asia, uko kwenye Simu ya Wembe, anaongea nawe Kamanda Wembe mwenyewe. Na mumeo yuko hapa kwenye laini, anakusikia. Ahmadi, ndugu yangu, pole sana. Huyo Nassoro unamfahamu?"

Pakawa kimya. Maji yalisikika yakipita kwenye mawe. Wanawake wote waliacha kusugua.

"Namfahamu," ilisema sauti ya Ahmadi. "Anakuja kwangu kila siku."

"Kila siku!"

"Kila siku. Mara nyingi mimi nikiwa shambani."

Simu ikakatwa. Mwanvita aliendelea kuishikilia mbali na mwili wake, kama kitu kinachodondosha maji machafu. "Lakini dada Asia," alisema polepole, "si ni kaka yako kweli?"

"Tumbo moja," alijibu Asia. Kisha akainama akaendelea kuosha karoti, kwa sababu lori lisingemsubiri.


Ahmadi alikuwa amesimama nyuma ya kibanda cha mbolea, kando ya barabara, ambako mtandao ulishika. Nyumba yao ilikuwa kwenye kibonde ambamo simu hulala kama jiwe. Ndiyo maana kila mchana alishuka hapo barabarani kupakua vipindi, na kila jioni akavisikiliza nyumbani akiwa na hedifoni masikioni, akimenya njegere au akinoa jembe au bila kufanya lolote. Alianza na mpira. Baada ya mpira, simu yenyewe ilimletea Kamanda Wembe, naye akamwacha aendelee. Miezi mitatu ilipita akiwa naye.

Namba ya mkewe aliituma yeye mwenyewe kwenye kipindi, lakini si ili amfumanie. Jambo hilo alikuja kulisema baadaye na hakuna aliyemwamini, lakini lilikuwa kweli. Wembe alikuwa amemwambia kila jioni kwamba mwanamume anayelima shamba la ukoo wa mkewe ni mgeni aliyesahau kuaga. Ahmadi alitoka Matombo, upande wa pili wa milima, akaja Mgeta kuoa, na kama wanaume wote wa huku alilima ardhi iliyotoka kwa mama wa mkewe na wajomba wa mkewe. Kwa miaka ishirini hakuwahi kuona aibu yoyote. Sasa aliiona. Alitaka siku moja tu nchi nzima imsikie Asia akitaja jina lake.

Jina alilolisikia lilikuwa "Nassoro". Wembe alipomuuliza, alikuwa na maneno matatu mdomoni: ni kaka yake. Aliyajua, na yalikuwa ya kweli. Akayameza, akasema yale mengine.


Asia alirudi nyumbani adhuhuri, beseni likiwa bado kichwani. Alilitua taratibu, akakaa kwenye kizingiti. Ahmadi alikuwa ameshajiandaa kwa kelele, na utulivu ule ulimchanganya.

"Kila jioni unapanda kilimani na simu," alianza yeye. "Saa nzima. Ukirudi hunitazami usoni. Mwanaume anatakiwa akae kimya?"

"Naongea na Shadya."

"Kila siku? Binti yetu ni mtu mzima, yuko chuo."

"Shadya ameacha kuingia darasani tangu mwezi wa pili, Ahmadi. Analala mchana kutwa. Anaogopa kutoka chumbani, na mwenyewe hajui anaogopa nini. Kila jioni namshikilia kwa maneno mpaka kesho yake."

Ahmadi alikaa kwenye kiti. "Hukuniambia."

"Nilikwambia siku ya kwanza, umekaa hapo hapo. Nikakwambia tena wiki iliyofuata nakutengea ugali. Nikakwambia siku tuliyopanda viazi." Alizionyesha kwa kidevu zile nyaya za hedifoni zilizoning'inia shingoni mwa mumewe. "Mara zote tatu ulisema mm. Nikaenda kwa Nassoro, kwa sababu Nassoro hasemi mm."

Ahmadi alijaribu kukumbuka. Aliukumbuka ugali. Alikumbuka pia kilichokuwa kinazungumzwa masikioni mwake wakati ule, kisa cha bwana wa Arusha na hausigeli, neno kwa neno. Sauti ya Asia hakuikumbuka.

Asia alikunja kanga mbili, akachukua sufuria yake na mswaki. Nyumba ilikuwa ya ukoo wake na desturi ilimpa haki ya kumtoa mumewe siku ile ile, lakini alisema yeye ndiye atakayetoka kwanza, aende kwa mama yake pale juu, maana akibaki atatamka neno asiloweza kulirudisha. "Wewe subiri," alisema. "Wakubwa watakuita."


Kipande cha mazungumzo yale ya simu kilitangulia gulio. Alfajiri, kabla hata viroba havijafungwa, kilikuwa kimeshafika kwenye simu za makuli, za madereva na za wanunuzi waliopanda kutoka Dar. Kiliandikwa juu yake kwa herufi nyekundu: MKE WA MTU AMTAJA "KAKA". Watu wa Mgeta walijua ukweli, na ukweli haukusaidia kitu. Kwao ulilifanya jambo kuwa baya zaidi, kwa sababu sasa palikuwa na kaka wa kweli na dada wa kweli waliounganishwa na kicheko cha namna hiyo, na hakuna mzaha mchafu kuliko huo kwa watu waliotoka tumbo moja.

Nassoro alikuwa akipanga mizigo kwenye malori. Mtu mrefu, mpole, anayesahau kofia yake kila mahali. Siku zote yeye na Asia walisaidiana kiroba, mmoja huku, mmoja kule, mpaka kwenye lori. Siku ile walikuwa wamekiinua hatua chache tu wakati Kondo, kuli mwenzake, alipopiga mluzi kutoka juu ya bodi ya lori.

"Oya, mwanangu! Umekuja na mchumba?"

Watu wanne walicheka. Pengine hawakuwa na nia mbaya, na Kondo alikuwa amekula sana kwa mama wa Nassoro utotoni. Nassoro alikitua kiroba chini. Alikitazama muda mrefu kana kwamba kimepasuka. Kisha akamwambia dada yake, bila kumtazama, kwamba leo atafute mtu mwingine wa kumsaidia.

Asia alibeba mwenyewe. Alipunguza kila kiroba nusu kwa nusu akaenda mara sita badala ya tatu. Alipofika kwa mnunuzi wake, mama mmoja mnene wa Dar mwenye miwani ya jua, alitaja bei. Yule mama alivua miwani.

"Hebu sema tena," alisema. "Sauti yako naijua. Wewe si yule wa kaka?"

Kuanzia hapo, Asia aliuza kwa vidole. Mtu akimuuliza bei alionyesha vidole, akikataa alitikisa kichwa. Alirudi kwa mama yake hajatamka neno tangu saa mbili asubuhi.

Jioni alipanda kilimani kama kawaida. Simu ya Shadya ilikuwa imezimwa. Kesho yake pia imezimwa. Asia alikaa juu kule mpaka ukungu ukamlowesha kanga, akipiga, akisubiri, akipiga.

Kule Mazimbu, chuoni kwa Shadya, kipande kilikuwa kimefika kwenye korido ya bweni. Mtu alikicheza kwa sauti akisubiri zamu ya bafu, wasichana wakacheka, na Shadya, aliyekuwa amejikunyata kitandani nyuma ya mlango, aliitambua sauti ya mama yake kabla hajataja jina la mtu yeyote. Alizima simu, akaisukuma chini ya godoro. Siku mbili hakula ila uji aliopewa na msichana anayekaa naye chumbani.

Siku ya tatu Nassoro alishuka mjini bila kumuaga mtu. Aliuliza njia kuanzia geti la chuo mpaka bweni, kofia mkononi. Alirudi na Shadya jioni. Njia nzima binti hakuuliza kitu, ila mara moja, walipokuwa wanaanza kupanda milima. Aliuliza kama baba yake alilazimishwa kusema vile. Nassoro alisema hajui. Alikuwa anajua.


Kikao kiliitwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Bi Rehema, mama wa Asia. Kilikuwa kikao kidogo: Bi Rehema mwenyewe, Mjomba Abdulatif, kaka yake, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ardhi ya ukoo, Nassoro, Asia na Shadya. Ahmadi alikaa karibu na mlango kwenye kigoda, macho chini. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumtazama mkwewe usoni wala kucheka mbele yake, na alipopita njiani na kumwona anakuja, alisogea kando mpaka apite. Heshima hiyo alikuwa ameishika bila kukosea hata siku moja.

Mjomba Abdulatif hakuzunguka. Alisema mwanamume aliyesikia mkewe na shemeji yake wanatukanwa pamoja, na asiwatetee, hawezi kulala kwenye nyumba ya ukoo huo. Kabichi alizopanda ni jasho lake, atazivuna. Akishavuna, afunge virago vyake arudi kwao Matombo. Aliuliza kama Ahmadi ana la kusema.

Ahmadi alisema amekosa. Alisema ulikuwa mzaha wa simu, kwamba watu wote wanasikiliza, kwamba hakujua litafika huko. Kila sentensi ilitoka fupi kuliko iliyotangulia. Mwisho alisema shetani alimpitia.

"Si shetani," alisema Asia. Ilikuwa mara ya kwanza asikike tangu asubuhi. "Anaitwa Wembe, na yumo kwenye simu yake. Mjomba, kabla hujafunga kikao naomba kitu kimoja. Sauti yangu mimi imesikilizwa na kila mtu, mpaka mama wa Dar ameniuliza. Sasa na sisi tusikie. Tusikie alichokuwa anasikiliza hiyo miezi mitatu. Hapa, kwa sauti ya nje."

Ahmadi aliinua kichwa. "Asia. Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Mjomba alifikiri, akasema ni haki. Ahmadi alitoa simu mfukoni. Alikosea namba ya siri mara mbili, na Shadya alilazimika kumfungulia. Vipindi vilikuwa vimejipanga humo kimoja chini ya kingine, mia moja na kumi na nne. Shadya aliisoma hiyo idadi kwa sauti ndogo, kisha akabonyeza cha kwanza.

Kamanda Wembe alijaa chumbani. Alisalimia wanaume wenzake. Alisema mwanamke anayeenda kupokea simu mbali, kaka, huyo hata usimuulize, hesabu tu kwamba mko watatu. Cha pili kilisema hivyo hivyo, ila kwa kisa cha Dodoma. Katika cha tatu alisimulia kuhusu mwanamume aliyejenga kwenye kiwanja cha wakwe, akaigiza sauti ya mama mkwe anavyokohoa ili apewe hela. Aliigiza vizuri. Mjomba Abdulatif aliguna, mabega yakamtikisika, kicheko kikamtoka kabla hajajua. Akakisitisha katikati. Hakuna aliyemtazama. Alijifuta mdomo kwa kiganja, na kutoka hapo uso wake haukuwa tena uso wa hakimu.

Bi Rehema alikuwa na sikio moja zima tu, akaligeuzia kwenye simu. "Huyu bwana ana mke?" aliuliza.

Ahmadi alimtazama Mjomba, kwa sababu hakuwa amezoea kuulizwa na mkwewe moja kwa moja.

"Nauliza, mkwe. Anayesema mambo ya wake, ana mke?"

"Sijui, mama."

"Anakaa wapi?"

"Dar. Nadhani Dar."

"Ana watoto?"

"Sijui."

"Anakujua wewe?"

"Hapana, mama."

Bi Rehema alitikisa kichwa, akasema basi, yeye alidhani ni mtu wanayefahamiana, maana amekuwa akimwona mkwewe anatabasamu peke yake kwenye njia ya shamba tangu mvua zilipoanza. Alidhani labda ni ndugu yake wa Matombo. Hakusema kwa kejeli, ndiyo maana maneno yake yalimchoma Ahmadi.

Shadya alibonyeza cha nne, cha tano, cha sita. Kilichomuumiza Ahmadi hakikuwa yale maneno, aliyajua. Ni kwamba yalikuwa yale yale. Jioni baada ya jioni, masikioni mwake, kila kipindi kilikuwa na ladha ya habari mpya. Hapa, kati ya jiko la mkaa na mkeka, mbele ya mwanawe aliyekonda, ilikuwa sauti ya mtu mmoja anayerudia neno moja. Kwenye cha saba Wembe alianza kueleza mambo ya chumbani. Ahmadi aliinuka kwenye kigoda, akapiga magoti.

"Inatosha," alisema. "Mjomba, nitaondoka. Hata leo. Inatosha."

"Bado cha mwisho," alisema Asia.

Shadya alimtazama mama yake. Kisha akashuka mpaka chini kabisa ya orodha, akabonyeza. Maji ya mto yalisikika. Nassoro alisimama akaenda dirishani, akawapa wote mgongo. "Nassoro ni nani kwako, mama?" "Kaka yangu." Ngoma. Vicheko. Bi Rehema aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Alikuwa hajakisikia bado, majirani walimficha. "Huyo Nassoro unamfahamu?"

"Simamisha hapo," alisema Asia.

Shadya alisimamisha. Kimya kile cha kwenye simu kikawa kimya cha chumbani.

"Haya," Asia alimwambia mumewe. "Umeulizwa. Mimi nilikuwa mtoni, miguu imekufa ganzi, nasubiri ujibu. Mpaka leo nasubiri."

Ahmadi alikuwa bado amepiga magoti.

"Ni kaka yake," alisema. "Nassoro ni shemeji yangu. Ni kaka yake, tumbo moja, na mimi nilijua."

"Sema tena. Shadya, mrekodi. Aonekane uso."

Akasema tena, akitazama simu yake mwenyewe mikononi mwa binti yake. Alitaja jina lake kamili na kijiji. Alisema aliyameza maneno hayo kwa sababu alitaka atajwe yeye. Kufikia hapo alikuwa akilia, na Shadya hakukata. Nassoro hakugeuka kutoka dirishani.

Mjomba Abdulatif alisema, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, kwamba neno lake la kabichi linabaki, kabichi zikitoka watakaa tena. Kabla ya hapo hatamwambia mtu abaki wala aondoke. Asia atakaa kwa mama yake. Kama anataka kurudi kwake au hataki, hilo atalisema yeye.

"Nikirudi," alisema Asia, "nyumbani kwangu hakitasikilizwa kitu kwa hedifoni. Kitakachosikilizwa kitasikilizwa kwa sauti, sote tusikie. Kisichoweza kusikika kwa sauti, kisiingie." Alichukua jembe lake mlangoni akatoka, kwa sababu njegere za mama yake zilikuwa hazijapaliliwa.


Ahmadi alishuka barabarani akaituma ile video kila mahali alipoona kipande cha kwanza kimepita. Kamanda Wembe hakuiweka. Kipande cha kwanza kilikuwa kimetazamwa na watu laki sita. Cha kwake, mpaka mwisho wa wiki, watu mia mbili na kumi. Mmoja wao alikuwa Kondo. Siku ya gulio alishuka kwenye bodi ya lori bila kuitwa, akashika upande mmoja wa kiroba cha Asia, Nassoro akashika wa pili, wakakipeleka mpaka kwenye lori.

Nyumbani Ahmadi alijaribu. Jioni ya kwanza aliweka simu juu ya meza, akabonyeza kipindi bila hedifoni, mlango ukiwa wazi. Mwanvita alikuwa akipita na ndoo. Kabla Wembe hajamaliza salamu, Ahmadi alimzima. Alikaa na simu mapajani, akaanza kufuta. Kila alipofika kwenye kitu alijiuliza kama angekicheza Bi Rehema akiwa amekaa hapo kwenye mkeka. Ilimchukua siku nne. Vilivyobaki vilikuwa vichache mno: utabiri wa hali ya hewa, mawaidha ya Ijumaa, kipindi cha wadudu wa kabichi, na mpira. Jioni zikawa ndefu. Alisikia vitu visivyo na faida yoyote, panya darini, mama wa jirani akimkaripia mbuzi. Mkono ulikwenda shingoni kutafuta nyaya, mara nyingi, kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa.

Shadya alirudi Mazimbu baada ya wiki mbili, bado amekonda, akiwa na karatasi ya daktari ya kumwombea nafasi ya kurudia masomo. Jioni ile ile Asia alipanda kilimani. Ahmadi alimfuata kwa mbali, akasimama hatua kumi chini yake, mikono nyuma. Asia alimwona, akaendelea kuongea. Aliongea na mwanawe kuhusu uji, kuhusu dawa, kuhusu nani atamwamsha asubuhi. Ahmadi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo na hakuelewa nusu yake. Alifanya hivyo jioni tatu.

Jioni ya nne Asia alimnyooshea simu bila kumtazama. "Dakika tano," alisema, akashuka hatua chache, akasimama kumpa mgongo.

Ahmadi aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti ya Shadya.

"Marahaba, mama."

Angeweza kuiga kicheko cha Kamanda Wembe, alizijua salamu zake zote. Alitafuta kitu anachokijua kuhusu chumba anachokaa binti yake kwa mwaka wa pili sasa, hakukipata.

"Hapo chumbani," alisema, "unakaa na nani?"

Akaitazama simu kuona kama mtandao umekatika.

"Na Modesta," alisema Shadya.

"Modesta wa wapi?"

"Mahenge."

"Ana wazazi wote?"

"Ana mama tu. Ndiye aliyekuwa ananipikia uji, baba. Modesta, si mama yake."

"Alikuwa anaupika na nini?"

Shadya akaanza kueleza. Alieleza polepole, akisimama kila baada ya maneno machache kusubiri ile mm, na ilipokuwa haiji akaendelea. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Dakika tano zilipita, zikapita nyingine, na Asia hakugeuka kuidai simu yake.